Kifo iko na sura gani? Kutoka Nyiragongo mpaka Haiti (uzi murefu)

Mwana_Virunga (Goma)

Salamu bandugu na badada. Hii uzi iko murefu, mwenye iko na mega kidogo asome mu vipande. Nataka tuongee ginsi batu ba inchi mbalimbali banapatiaka kifo mwili, jina, kazi, ata bosi wa kumutuma. Siongei juu ya kufa kwenyewe, naongea juu ya yule mwenye anakuja kukamata mutu. Nimesoma mingi juu ya hii mambo na kuko kitu moja inanisumbua ndani yake, nitaifikia mbele kidogo.

Tuanze na yule wenye wote tunajua, mifupa mitupu, kanzu nyeusi na kofia yake, mukononi mundu murefu. Iko ku filme, iko ku tishati. Batu mingi banafikiri bazungu balikuwaka naye tangu zamani za zamani, kumbe iko na historia yenye inaeleweka vizuri. Mu 1347 tauni iliingia Ulaya na mashua za biashara, kufika 1351 ilikuwa imemaliza pengine mutu mumoja kwa kila batatu, fasi zingine nusu ya muji, ata bapadri banakufa mbele ya kumaliza kuzika wengine. Picha za mifupa zilikuwaka mbele ya tauni, lakini nyuma ya pale njo zilijaa ku kuta za makanisa na za makaburi. Mu Paris, ku makaburi ya Saints-Innocents, mu 1424 na 1425 balichora ukuta muzima ya maiti zenye zinacheza na batu: papa wa Roma, mufalme, mulimaji, ata mutoto muchanga, kila mumoja anakokotwa na maiti yake. Na ile mundu ni juu bale batu balikuwa balimaji ba ngano, balijua ginsi shamba inaangukaka yote siku moja, ndefu na fupi pamoja.

Mu Norway, ile tauni ileile balimupatia mwili ya mama muzee, jina yake Pesta, anatembea kijiji kwa kijiji. Akikuja na rato (reki), kuko wenye batapona, juu rato iko na meno na katikati ya meno kuko fasi ya kupita. Akikuja na fagio, anafagia nyumba yote. Hiyo inanigusa sana juu ni batu wenye baliona vijiji vingine vinabakia na batu kidogo na vingine vinaisha kabisa, hakuna mwenye alikuwa na maelezo, basi balitafuta maelezo mu vyombo vya kazi ya nyumbani.

Mwana_Virunga (Goma)

Naendelea. Kule Bretagne, mangaribi ya Ufaransa, kuko Ankou. Huyu mimi njo ananifurahisha kuliko wote mu Ulaya, juu Ankou si malaika wala shetani, ni mutu wa paruwasi. Banasemaka mutu wa mwisho kufa mu mwaka njo anachukua kazi ya Ankou kwa mwaka mwenye unafuata. Kwa hiyo kifo mwenye anakuja kukukamata pengine ni jirani yenu, mulimuzika ku Desemba. Anatembea usiku na gari ya mbao yenye inalia ku magurudumu, mwenye anaisikia anajua mu nyumba fulani kuko mutu anaenda. Mundu yake makali yanaangalia inje, si ndani kama ya mulimaji, anakata kwa kusukuma mbele. Mwisho ya karne ya 19 mwandishi wa kule, Anatole Le Braz, alikusanya habari zake mingi mu midomo ya bazee ba kule na akazitoa mu 1893.

Muone tofauti. Mifupa ya Paris inakamata kila mutu sawasawa, bosi na mukulima, iko kama hukumu. Ankou yeye iko na zamu. Atamaliza mwaka wake na mwingine atamukomboa.

Kasongo_Asili

Assalam aleykum. Mada nzuri ndugu yangu, ila usikimbilie Ulaya na kuacha ya hapa. Kwetu Maniema, tangu dini ilipoingia na misafara ya biashara karne ya 19, mtoto mdogo anajua nani anatoa roho. Qur'an, sura ya 32 aya ya 11, inamtaja malaika wa mauti aliyewakilishwa kwenu. Jina Izraili halimo ndani ya Qur'an, limetoka kwenye mapokeo, lakini ndilo waliloliweka wazee midomoni mwetu. Hatumchori wala hatumuwekei mifupa. Na hafanyi kwa hiari yake, ametumwa, kwa hiyo hachukiwi.

Kuna hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba alimjia Nabii Musa na Musa akampiga jicho likatoka. Malaika akarudi kwa Mola wake, akasema umenituma kwa mtu asiyetaka kufa. Akarudishiwa jicho lake, akaambiwa mwambie aweke mkono juu ya mgongo wa ng'ombe dume, kila unywele mkono utakaofunika ni mwaka wa kuishi. Musa akauliza, halafu baada ya hapo? Akaambiwa mauti. Akasema basi iwe sasa. Mimi hii hadithi nikiwa na msiba naikumbuka kuliko mahubiri mengi.

Mwana_Virunga (Goma)

Aksanti sana muzee wangu. Hiyo ya kuhesabu manyoya ya ng'ombe inafika mu roho. Na ile neno yako, "ametumwa, kwa hiyo hachukiwi", uiache pale, nitairudilia.

Juu kuko inchi zenye balifanya kifo kuwa biro (ofisi) nzima. Bahindi banasema Yama alikuwa mutu, njo wa kwanza kufa, na juu yeye njo alifungua njia akakuwa mufalme ya wenye banamufuata. Anakuja juu ya mbogo na kamba ya kunasa roho. Karani yake, Chitragupta, anaandika matendo ya kila mutu mu kitabu. Yama aliingia Uchina pamoja na dini ya Buddha na akakuwa hakimu, Yanluo, iko na batumishi bawili, mumoja kichwa ya ng'ombe na mwingine kichwa ya farasi. Mu Korea wenye banatumwa kukamata roho banavaa kanzu nyeusi na kofia nyeusi ya bakubwa ba zamani, banakuja na jina yako, hawana hasira na wewe.

Na kule India kuko mwanamuke mumoja alishinda hiyo biro. Savitri. Alijua mbele ya ndoa kwamba bwana yake Satyavan iko na mwaka moja tu ya kuishi na akamuoa vilevile. Siku ilifika, Yama mwenyewe akakuja akafunga roho na kamba, akaenda. Savitri akamufuata kwa miguu. Yama akamuambia rudia, akakataa, banaongea njiani, na vile maneno yake yalikuwa ya hekima Yama akamupatia ruhusa aombe kitu, kitu yote isipokuwa uzima ya bwana yake. Akaombea baba-mukwe yake macho, juu alikuwa kipofu, na ufalme yake. Tena akaombea baba yake batoto banaume. Tena akaomba yeye mwenyewe azae batoto mia moja. Yama akaitika. Sasa atazaa namna gani na bwana iko mu kamba? Yama akafungua kamba. Iko mu Mahabharata, kitabu kikubwa ya zamani ya Bahindi, na mimi sijaona fasi ingine yenye mutu alimupeleka kifo ku sheria yake mwenyewe na akamushinda bila ata fimbo.

Lshi_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo benu. Miye niko Lubumbashi. Uzi muzuri sana lakini unaenda mbali, India, Korea. Ku kilio huku kwetu hakuna mwenye anasemaka Yama. Bantu banalala inje, banaimba, banacheza karata, na ku asubui maneno inakuwa moja tu: nani alimukula? Lufu ya hivi hivi haiko. Bazee ba wakati ya Babelgiji walituambiaka juu ya batumbula, bale bantu ba usiku banashika muntu mu njia na hamumuone tena, na walisema banatumikiaka bazungu. Ile wakati huku kuko migodi na kampuni, njo lufu nayo ilikuwa na patron. Sasa weye unasemaje juu ya ile?

Mwana_Virunga (Goma)

Umegusa fasi yenyewe, ndugu. Njo kitu nilisema inanisumbua.

Huku Goma tuko na kifo ya kila aina. Tuko na Nyiragongo, volkano yetu. Bazee ba hii milima, wenye balifuata Ryangombe, mukubwa wa mizimu, balisemaka wenye walipitishwa mu kubandwa, ile ibada ya kuingizwa kwake, bakikufa banaenda ku mulima Karisimbi, kule juu ku baridi, na wenye hawakupita banaenda mu moto ya Nyiragongo. Hiyo moto tuliiona inashuka mu muji tarehe 17 Januari 2002 ikapita mu santre ya muji mpaka ku ziwa, na tena usiku ya tarehe 22 Mei 2021. Tuko na mazuku, ile gazi yenye inatoka mu mawe ya volkano na kukaa mu mabonde, nzito kuliko hewa, haina rangi, usiku na asubui mapema wakati hakuna upepo njo mubaya zaidi. Mbuzi inaingia haitoke, mutoto anamufuata mbuzi. Basomi ba volkano ba dunia yote leo banaandika "mazuku" kama vile tunasema huku, upepo ya kuua usiku. Na tukakuwa na Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ikaua zaidi ya batu 2,200 mu Kivu ya Kaskazini na Ituri na fasi za pembeni, na baliokuja kuzika balivaa nguo nyeupe mwili muzima, na miwani mikubwa, hakuna sura. Ningekuwa muchoraji njo vile ningechora kifo ya kwetu, mweupe na pompi ya dawa mukononi.

Lakini hatukumuchora. Kifo kwetu hana mwili yake mwenyewe, na mutu bila mwili huwezi kumushitaki, basi tunamutafutia mwili ya jirani. Kila matanga naenda nasikia ile swali ya Lubumbashi, nani alimumaliza. Na jibu karibu kila siku ni mama muzee mwenye hana mutoto wa kumutetea, macho nyekundu juu ya moshi ya kupikia, ao ni mutoto yatima. Mu 2021 mu Kivu ya Kusini bamama baliuliwa, wengine kwa moto, juu balisemwa barozi. Njo pale namurudilia muzee wa Kasongo: mwenye ametumwa hachukiwi. Mubretoni alisikia gari ya Ankou, alilia, hakuenda kuchoma mama ya jirani juu ya ile gari. Naamini kabisa kumupatia kifo sura kunaokoa batu.

Dada_Ibanda (Bukavu)

Kaka, umeandika vizuri na nimesoma yote, lakini hapo nakataa. Ulaya yenye ilichora mifupa njo ilichoma banamuke kwa bulozi, karne ya 16 na ya 17, makumi ya maelfu. Mifupa ilikuwa ku ukuta ya kanisa na moto inje. Kwa hiyo sura haikuokoa mutu.

Tena angalia hadisi za karibu na kwetu zenye ziko na kifo mwenye mwili. Banyarwanda, na Barundi pia, banasimuliaka Imana, Mungu wao, alikuwa anamuwinda Kifo. Akaambia batu bote mukae mu nyumba leo, asipate fasi ya kujificha. Mama muzee mumoja akatoka kwenda ku shamba yake, Kifo anakimbia, anafika kwake, anamuomba, na yeye anamuficha mu nguo yake. Imana akasema basi, mwenye mumemuficha mubakie naye. Unaona? Kifo iko na jina, iko na miguu ya kukimbia, na bado kosa iko ya mama muzee. Ni yule yule mama wenye unasema macho nyekundu. Hiyo hadisi inafundisha batoto kumuangalia bibi vibaya mbele ata ya mutu kukufa.

Mwana_Virunga (Goma)

Dada, hiyo neno iko na uzito na sitaipita juu juu.

Juu ya Ulaya uko sawa, mifupa na moto vilikaa pamoja. Lakini uangalie mashitaka yenyewe: wale banamuke balishitakiwa kufanya agano na Shetani, njo Shetani alikuwa nyuma ya kila kitu. Ile mifupa haikukuwa na nguvu ya kweli mu mawazo ya bahakimu, ilikuwa mahubiri, ya kukumbusha batu batubu. Mimi naongea juu ya kifo mwenye batu banaamini kweli anakuja, kama Ankou ama Izraili.

Juu ya mama muzee, ngoja nilete ndugu yake. Mu Buganda, Kintu alioa Nambi, binti ya Ggulu wa mbinguni. Ggulu akabaambia mushuke asubui mapema, mukisahau kitu musirudi, juu kaka yake Nambi, Walumbe, akisikia atabafuata. Njiani banakumbuka wamesahau ulezi, chakula ya kuku. Nambi akarudi kuchukua, Walumbe akamuona, akamufuata mpaka duniani. Walumbe njo Kifo. Mwanzo hakuua mutu. Aliomba tu bamupatie mutoto wa kumusaidia mu nyumba, kupika, Kintu akamunyima, akaomba tena, akamunyima tena, na pale batoto bakaanza kukufa. Kintu akaenda kulalamika, Ggulu akatuma kaka mwingine, Kayiikuuzi, aje kumurudisha. Banaambia batu mukae ndani, musipige kelele, Kayiikuuzi anafukuza Walumbe, huyu anaingia mu udongo fasi inaitwa Ttanda, anachimba hapa anatokea pale. Mwishoni Walumbe anatoka, batoto wenye walikuwa inje wanamuona na banapiga kelele, naye anarudia chini. Kayiikuuzi akachoka akaacha.

Na kuko basimulizi wenye banasema si Nambi alirudi, ni Kintu mwenyewe, mwanaume, na bibi yake alikuwa anamukataza. Kwa hiyo kosa inaweza kuhama. Msimulizi njo anachagua.

Na kitu ingine nimeona mu zile hadisi mbili, ya Rwanda na ya Buganda, amri iko moja: mubakie ndani, musitoke, Kifo akose fasi. Mimi naona kama ni kumbukumbu ya ugonjwa wa kuambukiza, batu ba zamani walijua kufunga milango. Ni wazo yangu tu, lakini sisi wenye tulipita Ebola tunaielewa haraka.

Dada_Ibanda (Bukavu)

Ya kufunga milango nakubali, ni akili. Lakini umejibu nusu. Msimulizi anachagua, sawa, na kwa nini kila siku anachagua mwanamuke? Wewe ukisimulia batoto ya Goma utasema Nambi ao Kintu? Hatuko tunabishana juu ya vitabu, bamama banakufa. Mimi nafanyaka kazi na wenye balifukuzwa mu vijiji, na hakuna ata mumoja mwenye aliokolewa na Ankou. Wanaokolewa na shefu mwenye anasimama mbele ya kijiji na kusema huyu alikufa na malaria, nilimuona ku santre de sante.

Ukitaka kifo mwenye sura ya kutusaidia, chukua Bawon Samdi wa Haiti, roho mukubwa wa makaburi mu dini ya vodou. Miaka ya 1960 walimu mingi ba Haiti balikuja kufundisha mu masomo yetu, baba yangu alifundishwa na mumoja, na alituletea hiyo habari nyumbani. Bawon iko na kofia ndefu, miwani nyeusi, pamba mu pua sawa maiti, njo maana anaongea kwa pua. Mwanaume wa kwanza kuzikwa mu makaburi njo wake, na mwanamuke wa kwanza ni wa Maman Brigitte, bibi yake. Na kanuni yake ni hii: hakuna mutu anakufa kama Bawon hajachimba kaburi yake. Murozi anaweza kukuroga namna gani, Bawon akikataa kuchimba hautakufa. Tarehe 2 Novemba batu banavaa nyeusi na zambarau banaenda kumusalimia. Bankambo ba Haiti, bengi balitoka Kongo na Dahomey (Benin ya leo) mu minyororo, walionea kifo kila siku mu shamba ya miwa, na wakamufanya baba mwenye unaweza kuongea naye. Pale mamlaka ya murozi inapunguka kweli. Hiyo nakupatia.

Mwana_Virunga (Goma)

Hiyo ya Bawon kukataa kuchimba njo nilikuwa natafuta na sikuwa na maneno yake. Na juu ya swali yako: nitasema Kintu.

Lshi_Kamalondo (Lubumbashi)

Ku kuuliza tu, hakuna fasi bantu bamefunga lufu yenyewe mu kamba, sawa vile anafungaka wengine?

Mwana_Virunga (Goma)

Iko, Bagiriki. Kwao kifo ni Thanatos, ndugu ya mapacha na Usingizi, mama yao ni Usiku. Sisyphus, mufalme wa Korintho, akamudanganya na akamufunga minyororo, na hakuna mutu alikufa tena duniani. Unajua nani alikasirika? Ares, mungu wa vita. Batu banapigana na hakuna anayeanguka, vita yake haina faida. Yeye njo alienda kumufungua Thanatos. Batu ba Kivu hatuna haja ya mwalimu wa kutuelezea hiyo.

Kasongo_Asili

Ndugu, hizo shimo za Walumbe zinaonekana kweli au ni maneno?

Mwana_Virunga (Goma)

Ziko, muzee wangu. Ttanda, mu distrikti ya Mityana, Uganda. Ukitoka Kampala unashika barabara ya Mubende na Fort Portal, Mityana iko kilometa kama 70. Shimo ziko mu pori, ndefu sana kwenda chini, na batu banaendaka kuomba pale mpaka leo. Uende na mutu wa pale wa kukuongoza, juu majani yanafunika midomo ya shimo.